Leseni, Kibali na Cheti: Utaratibu wa Kuanzisha Kitotoleshi cha Samaki wa Maji Baridi katika Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Makala hii inafafanua utaratibu wa kisheria unaomhusu mtu anayetaka kuanzisha kitotoleshi cha samaki wa maji baridi katika Arua na Koboko, eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba neno "leseni", kama linavyotumika katika mazungumzo ya kila siku, linafunika nyaraka kadhaa zenye makusudi tofauti, na kwamba mkanganyo huo una gharama: mtu anaweza kulipia nyaraka tatu na bado akakosa ile moja inayompa haki ya kuuza kifaranga. Makala inaeleza kwa nini sheria hukitazama kifaranga kwa jicho kali kuliko samaki wa kuliwa, namna masuala ya ardhi na maji yanavyoamua hatima ya ombi kabla hata halijafika Entebbe, na kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee mahali ambapo mpaka wa nchi ndio pia mgawanyo wa maji ya Nile na ya Kongo.

Istilahi za msingi: kitotoleshi, kifaranga, samaki wazazi, cheti cha uzalishaji wa mbegu, West Nile

1.0 Utangulizi

Samaki wa Arua na Koboko kwa desturi hutoka ziwani na mtoni. Angara aliyekaushwa, anayeshushwa katika mialo ya Ziwa Albert kama Panyimur, ana heshima yake mezani, na hakuna bwawa lililoweza kumwiga. Lakini samaki wa ziwani si wa kutegemewa kama zamani. Tangu mwaka 2017, serikali ya Uganda ilipopeleka wanajeshi kusimamia uvuvi katika maziwa, samaki wachanga waliokuwa wakiuzwa kwa bei nafuu walibanwa, huku idadi ya walaji ikiongezeka. West Nile ina makazi makubwa ya wakimbizi: Rhino Camp na Imvepi kwa upande wa Arua ya zamani, Bidi Bidi katika Yumbe, na Lobule katika Koboko yenyewe. Katika mazingira hayo, mtu mwenye kipande cha bonde na kijito cha kudumu hushawishika kuchimba bwawa.

Bwawa huhitaji vifaranga, na hapo ndipo tatizo huanzia. Kutoka Kampala hadi Arua ni safari ya karibu kilomita 500. Vifaranga husafirishwa katika mifuko ya plastiki yenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, wakiwa wamefungishwa kula tangu siku iliyotangulia ili wasichafue maji hayo machache. Kila saa inayoongezeka njiani hupunguza oksijeni na kuongeza vifo. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa ajili ya matengenezo, magari ya kuelekea kaskazini yalilazimika kuzunguka kwa njia ndefu zaidi. Saruji na sukari zilichelewa tu, ila kifaranga hakiwezi kuchelewa na kubaki kifaranga. Kwa hiyo haja ya vitotoleshi vilivyo karibu na mabwawa ya West Nile haihitaji kutetewa kwa maneno mengi.

Kinachohitaji maelezo ni njia ya kukifanya kitotoleshi kiwe halali. Kwa makusudi ya makala hii, kitotoleshi ni mahali ambapo samaki wazazi hutunzwa, mayai hutungishwa na kuanguliwa, na vifaranga hulelewa hadi kufikia ukubwa wa kuuzwa. Kitu hicho ni tofauti na bwawa la kunenepesha samaki, japo mara nyingi vyote viwili huwa katika kiwanja kimoja na chini ya mmiliki mmoja. Tofauti hiyo, inayoonekana ndogo kwa mpita njia, ndiyo msingi wa utaratibu mzima.

2.0 Kwa Nini Kifaranga Kidhibitiwe

Anayenunua jembe hulishika, hulipima mkononi, akaona kama limepinda. Anayenunua kifaranga cha ngege chenye urefu wa kidole haoni lolote. Akiambiwa kwamba vifaranga vyote ni madume, hana namna ya kuhakiki pale pale sokoni. Ngege hupendwa wakiwa madume watupu kwa sababu majike yakiwamo huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu au minne tu, bwawa likajaa watoto wanaogombania chakula, na hakuna anayefikia uzito wa maana. Kosa la muuzaji hujulikana miezi kadhaa baadaye, wakati chakula kimekwisha kununuliwa na mkopo umeanza kudaiwa. Bwawa la mita za mraba 300, likipandwa samaki watatu kwa kila mita, huhitaji vifaranga 900. Bei yao ni sehemu ndogo ya gharama zote, lakini wao ndio huamua kama gharama nyingine zote zitarudi.

Kwa kambare tatizo ni la namna nyingine. Jike mmoja mwenye uzito wa kilo moja hutoa makumi ya maelfu ya mayai kwa mara moja. Hii ni baraka kwa mwenye kitotoleshi, ambaye kwa samaki wazazi wachache anaweza kujaza mabwawa ya kata nzima; na ni hatari kwa kata hiyo, kwani samaki wote watakuwa ndugu wa damu. Iwapo kitotoleshi kingine cha jirani kitachagua wazazi wake kutoka katika mabwawa hayo hayo, kuzaana kwa ndugu huanza mara moja: ukuaji hupungua, viungo huharibika, vifo huongezeka. Hakuna mfugaji mmoja anayeweza kuliona jambo hilo akiwa ukingoni mwa bwawa lake. Linaonekana tu kwa mwenye daftari la nasaba, na ndiyo sababu sheria inadai daftari.

Sababu ya tatu ni kubwa kuliko mfugaji yeyote. Katika miaka ya 1950 sangara alipandikizwa katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria, mahali ambapo hakuwapo. Sangara ni mwenyeji wa Ziwa Albert na Nile ya Albert, yaani wa maji yanayopakana na West Nile. Biashara kubwa ya minofu ilizaliwa, na mamia ya aina za furu wa Ziwa Victoria yakatoweka au yakabaki machache mno. Wanabiolojia wanaendelea kubishana ni kwa kiasi gani sangara peke yake alilaumika, kwani uchafuzi wa maji nao ulikuwapo. Hawabishani kwamba samaki aliyehamishwa harudishwi. Magonjwa nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Virusi vya ngege vijulikanavyo kwa kifupi kama TiLV vilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Israel mwaka 2014; mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi ulioonesha dalili za virusi hivyo katika ngege wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Samaki wa kuliwa huishia chunguni. Kifaranga hutoka kikiwa hai, kikaingia katika maji ya mtu mwingine.

Mfano wa jirani unaonesha kinachotokea uhitaji unapoutangulia udhibiti. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kupitia mpango wake wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Hayo ni mabwawa 28,000. Mahitaji ya vifaranga yaliruka ghafla kupita uwezo wa kituo cha serikali cha Sagana na wazalishaji wachache waliokuwapo, na pengo hilo likajazwa na yeyote aliyekuwa na samaki waliozaa. West Nile haijapata mpango wa ukubwa huo. Hata hivyo, makazi ya wakimbizi na miradi ya mashirika huagiza vifaranga kwa wingi na kwa haraka, na shinikizo lake kwa mzalishaji mdogo ni lile lile.

3.0 Neno Moja, Nyaraka Nne

Katika soko la Arua au la Koboko, mtu akiulizwa kama shughuli yake ni halali hujibu, "Nina leseni." Jibu hilo huwa kweli mara nyingi, na mara nyingi halitoshi. Kiswahili cha mitaani, kama Kilugbara na Kikakwa kinachozungumzwa pembeni yake, kimelichukua neno moja kuwakilisha kila karatasi yenye mhuri. Sheria ya Uganda, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inazitenganisha. Ili kueleweka, makala hii inapendekeza istilahi nne na kuzishikilia hadi mwisho.

Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya mtaa: halmashauri ya jiji, ya manispaa au ya mji mdogo. Inathibitisha kwamba mtu amelipia haki ya kufanya biashara katika eneo fulani. Haisemi lolote kuhusu samaki. Aliye na leseni ya biashara anaweza kuuza sabuni, na kwa mtazamo wa karatasi hiyo kifaranga na sabuni ni bidhaa mamoja. Huambatana na usajili wa jina la biashara au kampuni katika Ofisi ya Usajili ya Uganda na namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato.

Kibali cha kuanzisha ufugaji ni cha pili. Msingi wake ni Kanuni za Samaki zinazohusu ufugaji, zilizotolewa mwaka 2003 chini ya Sheria ya Samaki ya enzi za ukoloni, ambayo sasa imefutwa na sheria moja ya uvuvi na ufugaji wa samaki iliyopitishwa na Bunge mwaka 2022. Kibali hiki humruhusu mwombaji kuwa na mabwawa, matangi au vizimba vya kufugia kwa biashara mahali palipotajwa. Kinahusu mahali.

Cheti cha uzalishaji wa mbegu za samaki ni cha tatu, nacho ndicho kiini cha mada hii. Kinahusu tendo: kuzalisha vifaranga kwa ajili ya watu wengine. Mamlaka ya kukitoa yako kwa Ofisa Mkuu wa Uvuvi, katika Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iliyoko Entebbe. Aliye na kibali cha kuanzisha ufugaji bila cheti hiki anaruhusiwa kukuza samaki na kuwauza wa kuliwa; samaki wake wakizaa bwawani, kama ngege wanavyozaa bila kuombwa, hana ruhusa ya kuwauza wale watoto kama mbegu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza bila kukusudia. Hawakujenga kitotoleshi. Walikuwa na bwawa la ngege lililojaa watoto, jirani akaja na ndoo, na kitotoleshi kikawa kimeanza.

Nyaraka ya nne ni kibali cha kuhamisha samaki hai, kinachofuatana na mzigo. Hata mzalishaji aliyetimiza masharti yote matatu ya awali huhitaji idhini ya kuwatoa samaki hai mahali pamoja na kuwapeleka pengine. Kati ya nyaraka zote hii ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu mifuko ya vifaranga hubebwa kwa pikipiki ya bodaboda kama mzigo mwingine wowote.

Mpangilio huu una mantiki. Karatasi ya kwanza inamhusu mfanyabiashara, ya pili inahusu mahali, ya tatu inahusu uzazi wa samaki, ya nne inahusu safari yao. Udhaifu wake ni kwamba hakuna dirisha moja mjini Arua au Koboko ambapo mwombaji ataelezwa zote nne kwa pamoja na kwa lugha anayoifahamu. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na katika West Nile, ambako jeshi, biashara na mpaka vilikijenga Kiswahili muda mrefu kabla ya uamuzi huo, fomu ya Kiswahili isingehitaji mkalimani. Kwa sasa fomu ni za Kiingereza, na maelezo ni ya mdomo.

4.0 Ardhi na Maji

Maombi mengi hukwama kabla ya swali la samaki kuulizwa. Mwombaji hutakiwa kuonesha kwamba ana haki ya kutumia ardhi, na katika West Nile sehemu kubwa ya ardhi humilikiwa kimila. Ukoo wa Walugbara au wa Wakakwa unajua mipaka yake kwa mti, kaburi na kijito. Ofisa wa Entebbe anahitaji karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilitoa njia: cheti cha umiliki wa kimila, kinachopitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya. Njia nyingine ni mkataba wa kukodi kutoka kwa ukoo, uliosainiwa na wazee mbele ya mashahidi na kuthibitishwa na mwenyekiti wa kijiji. Mkataba wa mdomo na mzee mmoja haufai. Hautoshi ofisini, na ni hatari zaidi nyumbani, maana matangi ya saruji yakishajengwa hayabebeki, na mzee akifariki warithi hawafungwi na neno ambalo hawakulisikia. Mwanamke anayewekeza katika ardhi ya ukoo wa mumewe ana sababu kubwa zaidi ya kutaka maandishi.

Bondeni hali hubadilika. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaeleza kwamba maziwa, mito na ardhi oevu hushikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Ukoo unaweza kumiliki mteremko, lakini hauwezi kuuza wala kukodisha mafunjo yaliyo chini yake. Kitotoleshi, kwa tabia yake, hutaka kuwa pale pale chini, karibu na maji. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito ziliweka ukanda wa ulinzi wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, Nile ikiwamo, na mita 30 kwa mito midogo isiyoorodheshwa, zikipimwa kutoka pale maji yanapofikia yakijaa. Ufugaji wa samaki ndani ya ardhi oevu haukupigwa marufuku moja kwa moja. Umewekwa miongoni mwa shughuli zinazohitaji kibali. Kwa hiyo mwenye busara hupima mita zake wakati wa masika. Anayepima mwezi Januari, kijito kikiwa kimesinyaa, huchimba msingi mahali ambapo Agosti patakuwa mto.

Maji yenyewe yana sheria yake na kanuni zake za mwaka 1998. Kibali cha kuchota maji huhitajika kwa pampu yoyote inayoendeshwa kwa mota, iwe kisimani au mtoni, na kwa banio, bwawa, tangi au mfereji wenye uwezo wa kugeuza au kuzuia zaidi ya mita za ujazo 400 katika saa 24. Maneno "wenye uwezo" yasipitwe haraka. Kinachoangaliwa si kiasi ambacho mwenye mfereji anatumia, ila kiasi ambacho mfereji unaweza kupitisha. Mita 400 zinasikika nyingi. Kwa hesabu ya sekunde, ni lita zisizofika tano. Mfereji mdogo wa kawaida, unaopitisha lita tano kwa sekunde mchana na usiku, hufikisha mita 432 na tayari umevuka kiwango. Ofisi ya kanda inayohusika na maji ya Nile ya juu iko Lira, si Arua, na hiyo ni safari nyingine ya kuvuka Nile.

Tathmini ya mazingira husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019. Uzito wake hutegemea ukubwa na mahali pa mradi: mdogo huhitaji maelezo mafupi ya mradi, mkubwa huhitaji tathmini kamili. Mwombaji aanze kwa ofisa wa mazingira wa wilaya yake, ambaye humwambia yuko upande gani kabla hajamlipa mtaalamu.

Na wilaya yake ni ipi? Swali hili si la mzaha. Koboko ilitengwa na Arua mwaka 2005 na mipaka yake imetulia. Arua imegawanywa mara kwa mara: Maracha, kisha Madi-Okollo, kisha Terego, na tarehe 1 Julai 2020 Jiji la Arua likasimama peke yake likiwa na sehemu mbili, Kati na Ayivu. Mwenye bwawa katika Ayivu leo huhudumiwa na jiji, na jirani yake wa upande wa Vurra huhudumiwa na wilaya. Barua iliyoanzia katika ofisi isiyo yake hurudishwa, hata kama ofisi zote mbili ziko karibu na soko moja.

5.0 Siku ya Ukaguzi

Ombi hupitia kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya au jiji, anayelikagua eneo na kuandika mapendekezo kwenda Entebbe. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika safari hii, naye ana eneo kubwa, mafuta kidogo ya pikipiki, na kazi nyingine. Mwombaji anayemwita baada ya kujenga hufanya kosa. Anayemwita kabla ya kuchimba hupata ushauri bure.

Ukaguzi wa kitotoleshi hutazama mambo ambayo fundi wa ujenzi asingeyafikiria. Maji yaingiayo yawe na chujio linalozuia samaki wa mtoni na mayai yao. Maji yatokayo yawe na kizuizi cha kuzuia vifaranga kutoroka, na bwawa la kutuamisha uchafu kabla hayajarudi kijitoni. Samaki wazazi wawe na mahali pao, madume na majike mbalimbali, na wageni wawe na tangi la karantini lisilochangia maji wala wavu na mengine. Asili ya wazazi ithibitishwe kwa stakabadhi. Kituo cha utafiti cha Kajjansi, kilicho kusini mwa Kampala na chenye historia inayoanzia miaka ya 1940, ni chanzo kinachofahamika. Samaki aliyenaswa mtoni usiku na kuitwa mzazi asubuhi hakubaliki. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi, iliyo karibu na Arua, ni mahali pa kwanza pa kuulizia ushauri kwa asiyeweza kusafiri.

Halafu kuna umeme na joto. Mayai ya kambare huanguliwa kwa siku moja hadi moja na nusu maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 28 za selsiasi. Arua iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji ya tangi hupoa usiku chini ya kiwango hicho. Kuanguliwa huchelewa na ukungu hushambulia mayai. Kipasha joto na pampu ya hewa hutaka umeme usiokatika, ilhali West Nile ilibaki nje ya gridi ya taifa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2020 na wakazi wake wanaujua mgao kwa majina yake yote. Kwa hiyo mkaguzi anayeuliza kuhusu jenereta au betri ya sola hajatoka nje ya mada. Mayai ya ngege hayana shida hiyo, kwa kuwa mama huyaatamia kinywani, na kwa mwanzilishi asiye na mtaji wa umeme ngege ni mwanzo wa busara zaidi. Tatizo la ngege ni kule kuwageuza wawe madume kwa chakula chenye homoni katika wiki tatu hadi nne za mwanzo, kazi inayotaka vipimo sahihi, glavu, na namna ya kuhifadhi maji ya tangi hilo yasimwagwe ovyo.

Mwisho mkaguzi huomba daftari. Linapaswa kuonesha kila kundi la vifaranga: wazazi wao, tarehe ya kuanguliwa, vifo, chakula, na mnunuzi. Mwombaji mpya hana cha kuandika bado, lakini kurasa zilizopigwa mistari na kuwekewa vichwa zinatosha kuonesha kwamba ameelewa. Pengine hapa ndipo penye tofauti ya kweli kati ya mzalishaji na mchuuzi. Mnunuzi wa Terego akirudi baada ya miezi minne akidai kuuziwa majike, mwenye daftari anaweza kujua kundi lilitoka wapi na nani mwingine amelipata.

Inabaki jambo la uamuzi kufanyika Entebbe. Kwa upande wa asili ya samaki wazazi, uamuzi wa kitaifa unaeleweka, kwani nasaba haina wilaya. Kwa upande wa kuhakiki chujio, kizuizi na karantini, ni vigumu kuutetea: anayeviona kwa macho yuko Arua, na anayesaini yuko kilomita mia tano mbali. Mzalishaji anayesubiri huku samaki wazazi wakila kila siku hushawishika kuuza kundi moja "la majaribio". Kundi hilo likishauzwa, motisha ya kufuatilia cheti hupungua. Wanunuzi wa mtaani hawakiulizi. Wanaokiuliza ni miradi ya serikali na mashirika, ambayo taratibu zake za manunuzi hutaka nyaraka. Kwa hiyo asiye na cheti huendelea kuishi, ila huishi kwa kuwauzia wale wasio na uwezo wa kudai.

6.0 Mfuko Unapovuka Mpaka

Vurra iko mwendo mfupi kutoka mjini Arua, na ng'ambo yake ni barabara ya Aru na soko kubwa la Ariwara, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Oraba, upande wa Koboko, hutazamana na Kaya ya Sudan Kusini. Nchi zote tatu sasa zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: Sudan Kusini tangu 2016, Kongo tangu 2022. Kwa mfanyabiashara, soko ni moja.

Kwa maji, si moja. Mpaka wa Uganda na Kongo katika West Nile uliwekwa enzi za ukoloni kwa kufuata mgawanyo wa maji. Mvua inayoanguka upande wa mashariki huingia katika Enyau na Kochi, kisha Nile, kisha Bahari ya Mediterania. Inayoanguka upande wa magharibi huingia Kibali, kisha Uele, Ubangi na Mto Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Mfuko wa vifaranga unaobebwa kutoka Ayivu hadi Ariwara huvuka kwa pikipiki mstari ambao kijito hakiuvuki. Ngege wa Nile ni mwenyeji upande mmoja. Upande wa pili ni mgeni, sawa na sangara alivyokuwa mgeni katika Ziwa Victoria, na mto unaompokea ni miongoni mwa yenye aina nyingi za samaki duniani. Upande wa Oraba hali ni nyepesi kidogo kibiolojia, kwa kuwa Mto Kaya nao humwaga maji yake kwenye Nile. Hatari ya magonjwa hubaki pale pale.

Kwa sababu hiyo, kibali cha kusafirisha samaki hai nje ya nchi na cheti cha afya ya samaki hutakiwa juu ya zile nyaraka nne, na upande wa pili hutaka idhini yake ya kuingiza. Ofisa wa forodha mpakani amefundishwa kutambua mafuta, mbao na sigara. Mfuko wenye vitu vidogo vinavyoogelea haumshtui. Hivyo, kwa hali ilivyo, anayeweza kuuzuia au kuuruhusu kwa ujuzi ni yule anayeufunga: mwenye kitotoleshi. Mnunuzi anapotaja Ariwara au Yei, mzalishaji mwenye cheti anapaswa kuuliza maji ya huko yanaelekea wapi, kuandika jibu katika daftari, kumwita ofisa wa uvuvi kabla ya kuwafungisha samaki kula, na kuweka bei inayohesabu siku za kusubiri karatasi. Kambare na ngege wanaweza kukaa tangini wiki mbili zaidi bila hasara kubwa, wakipewa chakula kidogo na maji yakibadilishwa.